Kutoka Maabara Hadi Uprofesa: Tunayojifunza kwa Koo Nimo wa Ghana
Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Sherehe ya Jubilei ya Miaka 50

 

Kamati ya Jubilei ilinipa dakika 15 na kazi moja. Mwenyekiti aliniambia, "Katibu, wewe ni mwalimu. Tutafutie mwanamuziki mmoja wa Kiafrika ambaye maisha yake yana funzo kwa kwaya, utueleze siku ya sherehe." Nilidhani ni kazi rahisi. Nikaenda kutafuta mtu wa mbali, nikampata, na yeye akanirudisha hapa hapa, kwenye benchi la tatu kutoka nyuma. Mtanielewa kabla sijamaliza.

Mtu huyo ni Koo Nimo wa Ghana. Jina lake la ubatizo ni Daniel Amponsah. Waghana humwita Agya Koo Nimo, na "agya" katika lugha yao ya Kitwi ni baba. Ni mtunzi wa nyimbo, ni mpiga gitaa, na alifika kuwa profesa wa muziki katika chuo kikuu cha Marekani. Lakini msifikiri alianza kama profesa.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1934 katika kijiji cha Foase, karibu na mji wa Kumasi, katika nchi ya Waashanti. Baba yake alipiga gitaa, na pia alipuliza tarumbeta katika bendi ya kijiji. Mama yake aliimba katika kwaya ya kanisa la Methodisti. Kina mama wa kwaya, mmesikia? Mama alikuwa mwanakwaya kama ninyi. Mtoto alikua akisikia gitaa la baba upande mmoja na sauti ya mama upande wa pili, na hakuna aliyemwambia achague moja aache lingine. Baadaye alisoma katika shule ya Adisadel kule Cape Coast, mojawapo ya shule za kanisa zinazojulikana sana Ghana.

Sasa nieleze kidogo kuhusu gitaa lenyewe, kwa sababu hapo ndipo penye neno letu la leo. Gitaa halikuzaliwa Afrika Magharibi. Lilifika na meli. Mabaharia wa kabila la Wakru, watu wa pwani ya Liberia, walifanya kazi katika meli za Wazungu, wakajifunza kulipiga kwa namna yao wenyewe: kidole gumba kinapiga nyuzi nzito za chini, kidole cha shahada kinaimba juu. Vidole viwili tu, lakini ukifumba macho utaapa kwamba wapo watu wawili. Kutoka bandari hadi bandari mtindo huo ukaenea, Freetown, Accra, Lagos. Na watu walipendelea kuusikiliza wapi? Chini ya mti, jioni, mahali palipouzwa tembo, ile pombe inayogemwa kwenye michikichi kama vile mnazi unavyogemwa Pwani kwetu. Ndiyo maana mpaka leo muziki huo unaitwa kwa jina la pombe hiyo. Mwaka 1928 kikundi cha watu watatu kilichoitwa Kumasi Trio kilisafiri mpaka London, kikarekodi wimbo wa Yaa Amponsah, na huo umekuwa kama shina la muziki wa gitaa wa Ghana. Wapiga gitaa wengi wa huko hujifunza kwanza wimbo huo, kama sisi tunavyoanza na do re mi.

Kwa hiyo mnaona shida. Gitaa lilikuwa na jina baya tangu siku ya kwanza. Lilikuwa chombo cha walevi na mabaharia. Mzazi mwenye heshima zake hakutaka kusikia mwanawe ameshika gitaa.

Msiseme hayo yalikuwa ya Ghana tu. Sisi wa upande huu wa Magharibi tunayajua. Wazee walio hapa wanakumbuka jinsi gitaa lilivyoingia vijijini na vijana waliorudi kutoka mijini na kutoka jeshini. Wanakumbuka sahani za Jean-Bosco Mwenda wa Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao, na ule wimbo wake wa Masanga uliorekodiwa mwaka 1952. Wanakumbuka George Mukabi na mtindo wa Omutibo, gumba na shahada vilevile kama Wakru, na mwenzake pembeni akigonga chupa ya Fanta. Nimewauliza wazee kadhaa, na kila mmoja alitabasamu kwanza, kisha akatazama huku na huku kama mtu anayeogopa mchungaji atamsikia. Walilipenda gitaa, lakini walijua linakotoka.

Tumrudie Koo Nimo. Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957. Mwaka huo huo yeye, kijana ambaye alikuwa bado hajafika miaka 23, akaanzisha kikundi chake na kukiita Addadam Agofomma. Maana yake ya karibu ni wachezaji wa mizizi, watu wa asili. Wakati huo mtindo uliotamba mijini ulikuwa wa bendi kubwa, tarumbeta na saksafoni, suti na tai. Yeye akarudi nyuma. Akakaa chini na gitaa kavu, yaani gitaa lisilo la umeme, akazungukwa na vyombo vya nyumbani: ngoma ya apentemma, ngoma ya dondo inayobanwa kwapani, kengele ya chuma ya dawuro, njuga na vibuyu, na prempensua, ambalo ni sanduku kubwa la mbao lenye vipande vya chuma. Mpigaji hulikalia na kulichokonoa kwa vidole, nalo hutoa besi. Wanakwaya wa sauti ya nne, hilo sanduku lingewafaa sana siku mnapokuja mazoezini watu wawili.

Halafu kuna chombo kingine ambacho lazima nikitaje. Waashanti wana chombo cha kale cha nyuzi kinachoitwa seperewa, ambacho mpigaji hushika mbele ya kifua na kukichokonoa kwa mikono miwili. Kilipigwa mbele ya machifu, kusimulia ukoo na kusifu waliotangulia. Gitaa lilipoingia nchi ya ndani, wapigaji walichukua mapigo ya seperewa wakayahamishia kwenye nyuzi sita. Koo Nimo alishikilia jambo hilo maisha yake yote. Katika mikono yake gitaa ni mgeni aliyefundishwa lugha ya mwenye nyumba. Nilipolielewa hilo, nilifikiria nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane, na litungu la Wabukusu. Na sisi tuna mwenye nyumba. Je, mgeni amewahi kufundishwa lugha yake katika kwaya hii? Shikilieni swali hilo.

Jambo la pili ni maneno ya nyimbo. Koo Nimo huimba kwa Kitwi, na nyimbo zake zimejaa methali, visa vya buibui mjanja anayeitwa Ananse, mawaidha, na maombolezo. Kitwi ni lugha ya toni. Neno likipandishwa sauti lina maana moja, likishushwa lina maana nyingine kabisa. Mtunzi wa lugha kama hiyo hawezi kuchukua tu tuni kutoka popote akabandika maneno. Lazima tuni ifuate njia ya maneno, kama maji yanavyofuata mfereji.

Ninajua mtaniambia Kiswahili si lugha ya toni. Ni kweli. Lakini Kiswahili nacho kina sheria yake: uzito wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sasa niambieni, mara ngapi tumesimama hapa tukaimba tafsiri za nyimbo za Ulaya, na neno "Mwokozi" likabebeshwa uzito wote kwenye "zi"? Mara ngapi neno limekatwa katikati ili tupate pumzi, nusu yake ikabaki mstari wa juu na nusu ikaanza mstari wa chini? Tunaimba kwa sababu tumezoea. Mtoto anayejifunza wimbo huo kwa mara ya kwanza hukunja uso, nasi humwambia aimbe tu, ataelewa akiwa mkubwa. Mimi hufundisha darasa la tatu, ninaziona hizo nyuso.

Lakini zipo nyimbo nne katika kitabu chetu ambazo watoto hawakunji uso. Mnazijua. Ule wa Krismasi wa mashambani, ule wa mavuno, ule wa kumsindikiza marehemu, na ule tunaoanzia ibada ya pasaka. Watoto wa Shule ya Jumapili huzishika kwa siku moja. Maneno yanakaa mahali pake, kama mtu anaongea na wewe. Shikilieni na hilo pia.

Sasa kazi yake. Hapa ndipo penye funzo kwa kila mmoja wetu, kwa sababu katika kwaya hii hakuna anayelipwa. Tuna waendeshaji wa bodaboda, tuna kina mama wa sokoni, tuna muuguzi, tuna fundi cherehani, tuna walimu ambao mshahara unafika ukiwa tayari umekwisha. Koo Nimo pia hakuishi kwa gitaa. Alikuwa mtu wa sayansi. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya maabara katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Kumasi. Mchana alikuwa na koti jeupe na chupa za kemia, jioni alikuwa na gitaa. Katika chuo kile kile ambamo wengine walikuwa wahadhiri na maprofesa, yeye alikuwa mtu wa kupima na kutayarisha.

Hakungoja kustaafu ndipo aanze kutumikia wenzake. Mwaka 1979 alishika uongozi wa chama cha wanamuziki wa Ghana. Mwaka 1990 nyimbo zake nane zilitoka katika diski iliyoitwa Osabarima. Mwaka 1997 taifa lake likamtunuku nishani, na mfalme wa Waashanti naye akampa heshima yake. Kisha mwaka 1998, amestaafu kazi ya maabara, umri umeshapita miaka 60, wakati ambapo wengine hupewa kuku na blanketi na kuambiwa wapumzike, Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa Seattle, Marekani, kilimwita akafundishe kama profesa wa muziki wa mataifa. Alikaa huko miaka miwili, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2006 alirudi nyumbani Ghana, akaishi tena Foase, akiwa na nia ya kufungua mahali pa kuwafundisha vijana.

Hebu tulitafakari hilo kwa utulivu. Walimwita kufundisha nini? Hawakumwita kufundisha kemia. Walimwita kufundisha kile alichokuwa akikifanya jioni, chini ya mti, na gitaa lile lile lililoitwa la walevi, na methali zile zile alizozisikia kijijini. Kile ambacho watu wa nyumbani walikiona ni mchezo wa jioni, wengine walivuka bahari kukitafuta. Nafurahi kwamba Ghana haikungoja Wamarekani wamtambue. Nishani ya taifa ilitangulia mwaliko wa Seattle.

Wapendwa, hapa nilikuwa nimefikia mwisho wa hotuba. Nilikuwa na mafunzo yangu matatu yameandikwa vizuri: tumia kipaji hata kama hulipwi, thamini vyombo vyenu, tungeni kwa lugha yenu. Ningesoma, mngepiga makofi, ningeketi.

Lakini katibu wa kwaya ana kazi nyingine. Mimi ndiye niliyepewa kutayarisha orodha ya nyimbo iliyo mwishoni mwa kijitabu hiki, kila wimbo na mtunzi wake. Nilipofika kwenye zile nyimbo nne, nikatazama kitabu chetu cha nyimbo. Kimeandika tu "wimbo wa kwaya". Nikauliza wanakamati wawili, hawakujua. Basi nikaandika kwa mkono wangu: mtunzi hajulikani. Mara nne. Nikapeleka kwa mpiga chapa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kutafuta picha za zamani katika lile sanduku la bati lililo nyuma ya ofisi ya kanisa. Chini ya majoho ya kwanza, yale ya bluu yaliyoliwa na nondo, nilipata daftari la kumbukumbu za mikutano ya miaka ya mwanzo. Mwandiko ni mzuri, wa wino. Nikakaa chini nikasoma mpaka giza likaingia.

Nilikuta kwamba kwaya hii ilianza na watu 11 na mwalimu mmoja kijana. Nilikuta kwamba mwalimu huyo aliwatungia nyimbo, na majina ya nyimbo yameandikwa, na ni zile nne, na nyingine tano ambazo hakuna kati yetu anayezijua. Na nilikuta mkutano mmoja wa mwaka wa nne. Ajenda ilikuwa moja. Mwalimu alikuwa akitunga na kufundisha kwa gitaa, na siku moja alilileta ndani ya kanisa, siku ya mavuno. Wazee walisema gitaa ni la vilabuni na haliwezi kuingia mahali patakatifu. Aliambiwa achague, gitaa au kwaya. Kumbukumbu zinasema aliomba asamehewe kwa kuwakwaza wazee, akakabidhi ufunguo wa kabati la vitabu, akatoka. Mstari unaofuata ni wa nauli ya safari ya tamasha la dayosisi. Basi. Hakuna neno lingine juu yake katika daftari lote.

Jina lake nililijua. Ninyi pia mnalijua. Ni yule mzee wetu anayetengeneza viti vya kanisa vikivunjika, anayekaa benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha. Katika miaka yangu minne ya ukatibu nimemwandikia hati za malipo ya misumari na gundi. Tumeimba nyimbo zake mbele yake kila Krismasi, naye akiimba nasi sauti ya tatu bila kutazama kitabu, na mimi nikaandika kwamba mtunzi hajulikani. Mtunzi alikuwa hatua 20 kutoka kwangu.

Ninasema haya mbele yenu kwa sababu kosa la kuandika ni langu, na linaungamwa pale pale lilipotendeka. Kitabu kilikuwa bado hakijapigwa chapa chote. Ukurasa ule tumeubadilisha. Mkifungua mwishoni mtaona jina lake mara nne.

Nilikwenda nyumbani kwake kumwomba ruhusa ya kusema hadithi hii. Nilienda na mwenyekiti na mama mmoja wa kamati, kama inavyotakiwa. Tulipewa chai. Nikamweleza yote, nikamsomea na kumbukumbu zile. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka mama wa kamati akaanza kusahihisha kitambaa chake cha kichwa. Kisha akasema, "Binti yangu, ukisema, sema na hili. Wale wazee hawakunichukia. Walilinda kanisa kwa namna waliyoijua. Mmoja wao ndiye aliyenilipia karo ya mtoto wangu wa kwanza. Usiwaseme vibaya, wamelala."

Nikamwambia, "Nimesikia, Baba. Sitawasema vibaya." Na sijawasema, wala sitawasema. Wao ndio waliojenga ukuta tunaouegemea leo. Waliona gitaa likitoka mlango wa kilabu, na hawakuwa na mtu wa kuwaeleza kwamba chombo huenda kule anakokipeleka mwenye mikono. Laiti wangalijua kwamba upande mwingine wa Afrika yupo kijana, mama yake ni mwanakwaya wa Methodisti, amelichukua gitaa la walevi akalifanya libebe methali za mababu.

Nikamwuliza kama gitaa bado lipo. Alicheka. Akasema gitaa la kwanza liliuzwa zamani, lakini analo lingine, na nyuzi zake mbili ni za waya wa breki ya baiskeli. Mwenyekiti akamwomba apige kidogo. Akasema vidole vimekuwa vigumu kwa sababu ya randa na msumeno. Halafu akapiga. Sitajaribu kueleza. Nitasema tu kwamba gumba lilikwenda njia yake na shahada ikaenda njia yake, na mwenyekiti wetu, ambaye mnajua si mtu wa machozi, alitoka nje kwenda kuangalia kama pikipiki yake ipo.

Na jambo moja zaidi. Nilimwuliza kwa nini nyimbo zake watoto hawazisahau. Akaniambia hakuanza kamwe na tuni. Alisema maneno kwanza kwa sauti, kama mtu anayemsalimu jirani ng'ambo ya mto, mara nyingi, mpaka maneno yenyewe yakaonyesha yanapanda wapi na kushuka wapi. Ndipo alipochukua gitaa. Hakuwahi kusikia habari za Koo Nimo wala Kitwi. Alisikiliza tu.

Wapendwa, leo ni Jubilei, na sisi watu wa Biblia tunajua neno hilo linatoka wapi. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, watu wa Mungu waliagizwa kwamba mwaka wa 50 pembe ipigwe nchini kote. Aliyepoteza shamba lake arudishiwe. Aliyetengwa na jamaa yake arudi kwao. Kwa hiyo Jubilei si keki na fulana tu, ingawa keki ipo na fulana ni shilingi ambazo mweka hazina amenikumbusha baadhi yenu hamjalipa. Jubilei ni kurudisha. Kila mmoja ajiulize: nini kilichukuliwa, na kwa nani?

Kwa hiyo, kwa idhini ya kamati na baraka za Mchungaji, naomba mambo matatu.

La kwanza: mzee wetu atoke kwenye benchi la tatu kutoka nyuma, aje mbele, aketi mahali pa Mwalimu wa kwanza wa kwaya hii. Kiti kipo tayari. Alikitengeneza mwenyewe mwezi uliopita bila kujua ni cha nani.

La pili: zile nyimbo tano ambazo hakuna azijuaye. Yeye anazijua. Wale 11 wa mwanzo wamebaki watatu. Mmoja hasikii vizuri, mwingine yuko kwa mwanawe Nakuru. Koo Nimo alibahatika, nyimbo zake zilirekodiwa akiwa na nguvu. Sisi tuna simu mifukoni zenye uwezo wa kurekodi, na tunarekodi vichekesho. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa nane mchana, kikundi kidogo kitaenda kwake na daftari na simu. Mimi nitaandika maneno, mwalimu wa kwaya ataandika nota. Tunahitaji vijana wanne. Msinifanye niwachague kwa majina.

La tatu: gitaa. Halmashauri ya kanisa ilikaa mwezi huu, ikatafakari, na ikakubali. Baada ya hotuba hii kwaya itaimba wimbo wa mavuno, na utaimbwa kama ulivyotungwa. Mzee ameomba mjukuu wake akae kando yake ashike nyuzi pale vidole vitakapokataa. Kijana huyo ana miaka 14. Ameshaujua wote.

Mwenyezi Mungu atubariki tunapoanza miaka mingine 50. Na katibu atakayefungua sanduku la bati wakati huo akute tumeandika majina ya watu wetu, vizuri, kwa wino, wakiwa bado wanasikia.

 Wanakwaya, simameni. Baba, karibu mbele.